Kabla ya Wembe, Ulizeni Habari za Wajomba

Mwezi huu naomba tuache kidogo habari za malaria, kuhara na lishe ya watoto, ambazo ndizo hujaza ukurasa huu mara kwa mara. Nataka tuzungumzie ugonjwa ambao huenda hujawahi kuusikia hata jina. Unaitwa hemofilia. Ni ugonjwa wa damu kutoganda. Hauambukizi, hauletwi na uchafu wala mbu, na wenye kuupata ni wachache. Hata hivyo katika miaka yangu zaidi ya ishirini na mitano ya uuguzi, ni ugonjwa ulionitia aibu kuliko mwingine wowote, nami nitaeleza kwa nini.

Zaidi ya miaka kumi iliyopita, katika hospitali ya misheni nilikokuwa nikifanya kazi, aliletwa mtoto wa kiume wa miezi tisa kutoka kijiji cha wavuvi kando ya ziwa. Alikuwa amekohoa majuma mawili, na bibi yake akaona dawa ni kukata kimeo. Fundi wa vimeo akaitwa, akafanya kazi yake. Watoto wengi hukatwa namna hiyo na damu ikakoma siku ile ile, ndiyo maana mafundi hawa hawakosi wateja. Huyu damu haikukoma. Haikumwagika nje watu wakashtuka, bali ilitiririka kooni taratibu naye akaimeza. Mama aligundua siku ya pili alipoona choo cheusi kama lami. Siku ya tatu walipata mtumbwi, kisha gari. Tulimkuta mweupe viganjani kama karatasi. Tulimwongezea damu, akafariki usiku.

Katika daftari tukaandika: upungufu wa damu baada ya kukatwa kimeo. Tukamlaumu fundi, na kwa kweli alistahili lawama. Mimi mwenyewe nilimpa mama yule maneno makali kuhusu vimeo, yeye akiwa ameinama na kanga mdomoni. Swali moja tu halikuulizwa na mtu yeyote kati yetu: kwa nini huyu peke yake, na si wale wengine?

Baada ya miaka kama mitatu mama yule alirudi. Safari hii alikuwa na mtoto wa pili, wa kiume vilevile, mwenye mwaka mmoja na nusu, aliyeanza kutembea kisha akaacha. Goti lilikuwa limevimba, lina moto, hataki liguswe. Hakuwa amekatwa wala kuchanjwa chale mahali popote. Mama alikuwa ameyashika maneno yangu. Sisi tukadhani ni usaha ndani ya goti. Nikamchoma sindano ya dawa ya maumivu kwenye tako. Kesho yake tako lilikuwa gumu kama jiwe, limejaa damu hadi pajani.

Hapo ndipo daktari, kijana aliyekuwa hana hata mwaka tangu ahitimu, alipoketi kitandani akamwuliza mama polepole: "Mama, kwenu ulikozaliwa, yupo mwanamume aliyewahi kutokwa damu isikome?" Mama akafikiri. Akasema, "Kaka yangu alikufa kwa kung'olewa jino. Na mjomba wangu mmoja alikuwa kilema wa magoti yote mawili, akafa kijana. Walisema amerogwa." Damu ya mtoto ikapelekwa Bugando. Jibu likarudi: hemofilia.

Ndugu msomaji, habari yote ilikuwa imo kichwani mwa mama yule tangu siku ya kwanza. Hatukuuliza.

Ugonjwa wenyewe ukoje

Mtu anapojikata, chembe ndogo za damu ziitwazo chembe sahani hukimbilia pale penye jeraha na kuziba kwa muda. Halafu protini kadhaa zilizomo katika damu huamshana moja baada ya nyingine, kama watu waliojipanga mstari wakipokezana ndoo, na mwisho wake hufumwa nyuzi zinazoshika lile donge imara, mfano wa wavu. Wataalamu wamezipa protini hizo namba. Mwenye hemofilia A amepungukiwa na ile ya nane, na mwenye hemofilia B ile ya tisa. Ndoo ikifika hapo haina wa kuipokea. Kwa hiyo chembe sahani huziba, watu wakafurahi kwamba damu imekoma, kisha baada ya saa chache au kesho yake donge lile laini hubomoka na damu huanza upya. Si kweli kwamba damu ya mgonjwa hutoka kwa kasi kuliko ya mtu mwingine. Hutoka kwa muda mrefu.

Kinachompotosha hata mganga ni kwamba kipimo cha kawaida cha damu, kile cha kuhesabu chembe zake, huonyesha kila kitu kiko salama. Mpaka kifanyike kipimo cha muda wa damu kuganda, na baadaye kipimo cha kila protini, ndipo tatizo linapoonekana. Zahanati zetu nyingi hazina kipimo hicho.

Mwenye protini hiyo chini ya asilimia 1 ya kiasi cha kawaida ana ugonjwa mkali. Huyo huvuja damu hata bila kuumia, hasa ndani ya magoti, viwiko na vifundo vya miguu. Mwenye asilimia 1 hadi 5 huvuja akiumia kidogo. Na mwenye zaidi ya hapo anaweza kufikisha hata miaka arobaini asijijue, mpaka siku ya kung'olewa jino au kupasuliwa ngiri.

Dalili za kwanza kwa mtoto mdogo ni hizi. Akianza kutambaa, magoti na paji la uso hutokea vivimbe vyeusi visivyolingana na kuanguka kwake. Akikata mdomo au ulimi, damu hutoka siku mbili tatu. Akichomwa chanjo ya paja, mahali pale huvimba sana. Baadaye ndipo viungo huanza kuvimba. Mtoto mkubwa kidogo atakuambia kiungo kinamchezea au kinamwasha ndani kabla hakijavimba. Msikilize, kwa maana hapo ndipo damu inaanza kuvuja, na saa hizo za mwanzo ndizo za thamani. Damu inayorudia kuingia katika goti lile lile hula gegedu, na baada ya miaka michache goti hukakamaa lisinyooke tena. Vijana wengi mnaowaona vijijini wanachechemea na mkongojo, ambao watu husema walipigwa kombora la kichawi, pengine ndio hao.

Huku kwetu Kanda ya Ziwa kuna jambo jingine linalochanganya. Tuna watoto wengi wenye selimundu, nao huumwa viungo. Mtoto akilia mguu, wazo la kwanza la mama na la nesi pia ni selimundu. Mwenye selimundu mara nyingi huwa na macho ya njano na upungufu wa damu wa siku zote. Mwenye hemofilia macho yake ni meupe, afya yake ni njema, mpaka anapovuja.

Watu wangapi wanao? Inakadiriwa kwamba katika kila watoto wa kiume 5,000 wanaozaliwa duniani, karibu mmoja ana hemofilia A, na aina ya B ni ya nadra zaidi. Haichagui rangi wala bara. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu wapatao milioni 3.7 katika Mkoa wa Mwanza. Chukua nusu yao kuwa wanaume, ugawe kwa 5,000, utapata zaidi ya 350. Mimi katika maisha yangu yote ya kazi nimewaona wasiofika kumi waliopimwa wakajulikana. Wengine wako wapi? Baadhi wapo na hawajijui. Wengi, naogopa, tumewazika na kuandika sababu nyingine daftarini.

Kwa nini wajomba

Ugonjwa huu unakaa kwenye kile kinasaba ambacho mtoto wa kiume hukipata kwa mama yake tu. Mama anavyo viwili vya namna hiyo. Kimoja kikiwa kibovu, kile kizima humlinda, naye huonekana mzima. Kila mtoto wa kiume atakayemzaa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuupata ugonjwa, na kila binti ana nafasi nusu kwa nusu ya kuubeba kama mama yake. Baba mwenye hemofilia hawezi kumwachia mtoto wake wa kiume, lakini mabinti zake wote wataubeba. Kwa sababu hiyo ugonjwa huruka. Unaonekana kwa babu, unapotea, kisha unatokeza kwa mjukuu. Tena karibu theluthi moja ya wagonjwa hawana mtu katika ukoo aliyewahi kuugua, maana kasoro ilianza upya kwao au kwa mama zao.

Hapa sasa ndipo penye maoni yangu, na najua wapo watakaonipinga. Usukumani, na kwa makabila karibu yote yanayolizunguka ziwa hili, ukoo ni wa baba. Watoto hufundishwa majina ya babu za upande wa baba mpaka wa saba. Upande wa mama unatajwa kwenye mahari na kwenye misiba. Ndiyo kusema ugonjwa huu umejificha mahali pale pale ambapo hatuna desturi ya kuuliza. Mtoto akivuja damu, shangazi watauliza mizimu ya kwao, hawataona kitu, kisha lawama itamwangukia mama: ameleta mkosi, ana mkono mchafu, labda mtoto si wa hapa. Mama yule niliyemtaja alirudishwa kwao baada ya mtoto wa kwanza kufa. Akachukuliwa tena baada ya wazee kusuluhisha, na majibu ya mtoto wa pili yalipokuja, mume akasema, "Kumbe ni kweli alitoka kwao nao." Ni kweli alitoka kwao nao. Na mimi nilitoka kwetu na macho mabovu niliyopewa na baba, na watoto wangu wawili wanavaa miwani, wala hakuna aliyedai ng'ombe zake zirudishwe.

Lawama hii ndiyo inayofanya familia za mabinti zinyamaze. Mama mmoja aliniambia wazi, "Sista" (wagonjwa hutuita hivyo sote, watawa na tusio watawa), "nikisema kaka zangu walikufa kwa damu, nani atawaoa wadogo zangu?" Sikuwa na jibu jepesi, na bado sina. Ila niliona tukinyamaza ng'ombe watakuja, harusi itakuwa njema, kisha mjukuu wa kwanza atafia kwenye wembe. Mwenye kujua mapema anaweza kumlinda mtoto. Wachumba wanaohudhuria mafundisho ya ndoa parokiani huulizwa mambo mengi. Ningependa makatekista waongeze na swali la magonjwa ya ukoo, selimundu likiwa la kwanza na hili likiwa la pili, si kwa ajili ya kuvunja uchumba bali wajue wanachokibeba.

Wakati wa kuuliza ni kabla ya chuma chochote kugusa mwili wa mtoto. Kimeo na yale yanayoitwa meno ya plastiki, ambayo ni vichipukizi vya meno halisi ya mtoto, visikatwe kabisa. Hapo sina mjadala, awe na hemofilia asiwe nayo. Chale vilevile. Lakini tohara ni jambo jingine. Tangu serikali ilipoanza kampeni ya tohara katika mikoa ambayo jadi haikutahiri, ikiwemo ya huku ziwani, vijana wengi sana wamefanyiwa, na ni jambo jema kwa kuwa limethibitika kupunguza maambukizo ya ukimwi. Ninachosema ni kwamba mtoa huduma asitosheke na kuuliza "una tatizo lolote?" Mtoto atajibu hana. Aulize: ulipong'oka jino damu ilikaa siku ngapi? Magoti yamewahi kuvimba? Wajomba zako wako hai? Na mzazi asimtume kijana peke yake siku hiyo, maana majibu anayo mama.

Jina lililoandikwa kwenye ramani

Kuna jambo moja ambalo daktari yule kijana alimwambia mume wa yule mama, nami nimelikumbuka tangu siku hiyo. Mwaka 1858 Mwingereza John Speke alifika hapa Mwanza, akaliona ziwa ambalo wenyeji walikuwa wakivua humo tangu enzi, akaliita kwa jina la malkia wake, Viktoria. Malkia huyo alikuwa akiubeba ugonjwa huu. Mtoto wake wa kiume Leopold aliugua hemofilia, akafa mwaka 1884, mwenye umri wa miaka 30 tu, baada ya kuteleza na kuanguka. Mabinti zake wawili waliupeleka katika majumba mengine ya kifalme ya Ulaya. Mwana wa mwisho wa mfalme wa Urusi, Alexei, aliupata kwa njia hiyo. Mwaka 2009 wanasayansi walichunguza mifupa ya familia ile ya Urusi wakathibitisha kwamba ilikuwa ni hemofilia B. Mume yule alikaa kimya, kisha akauliza, "Na huyo malkia alirudishwa kwao?"

Matibabu

Hakuna dawa ya kawaida ya kuuondoa moja kwa moja. Tiba ya kurekebisha kinasaba imeanza nchi za nje, na ile ya hemofilia B iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2022 ilipangiwa bei ya dola milioni 3.5 kwa mgonjwa mmoja, kwa hiyo tuiache. Tiba iliyopo ni kumpa mgonjwa ile protini anayopungukiwa, kwa sindano ya mshipa. Ikipatikana mapema, damu hukoma. Ya namba nane nusu yake huisha mwilini kwa saa kama 12, ndiyo maana wakati mwingine hurudiwa. Ipo pia dawa mpya kwa wenye aina A, ya kuchoma chini ya ngozi mara moja kwa juma au zaidi ya hapo, inayosaidia kuzuia damu isivuje. Imeanza kuwafikia baadhi ya watoto wa Afrika kwa msaada. Sehemu kubwa ya dawa hizi hapa nchini huja kama zawadi ya Shirikisho la Hemofilia Duniani, lililoanzishwa mwaka 1963 na mgonjwa mwenyewe, Frank Schnabel wa Kanada. Muhimbili wanatoa huduma hii, na huku kwetu ni Bugando. Mahali ambapo dawa yenyewe haipo, maji ya damu yaliyogandishwa kwa baridi kutoka benki ya damu husaidia, ijapokuwa si sawa.

Nyumbani, kiungo kikianza kuvuja, mgonjwa apumzike, kiungo kiinuliwe juu, kifungwe bandeji isiyobana mno, na kiwekewe barafu iliyozungushiwa kitambaa kwa dakika 15 hivi, kisha aachwe, kisha tena. Mtaniuliza barafu tutaitoa wapi kijijini. Kwenye mialo ya samaki barafu ipo kila siku kwa ajili ya sangara. Mwombeni mwenye samaki. Sijaona anayemnyima mtoto mgonjwa.

Dawa ya maumivu iwe parasetamoli. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki asipewe, maana zinazidisha kuvuja, na hizi ndizo ambazo duka lolote la dawa litakupa ukisema mtoto anaumwa mguu. Sindano za msuli akatae, isipokuwa chanjo, ambazo lazima apate zote. Mwambie nesi, atumie sindano nyembamba kisha pabonyezwe bila kusugua kwa dakika kumi. Akianguka na kupiga kichwa, hata kama anacheka, apelekwe hospitali, na akitapika au kusinzia ovyo, msingoje asubuhi. Maumivu ya tumbo la chini upande mmoja na paja lisilonyooka yanaweza kuwa damu kwenye msuli wa ndani. Wapo waliopasuliwa wakidhaniwa wana kidole tumbo.

Wazazi wamwone mwalimu mkuu na barua ya daktari mkononi. Fimbo tatu ambazo mtoto mwingine atazisahau kabla ya kengele zinaweza kumlaza huyu majuma mawili. Mpira wa miguu hapana. Mazoezi mepesi ndiyo, kwa kuwa msuli wenye nguvu hulinda kiungo. Vitabu vya Ulaya vinasifu sana kuogelea, na sisi wenye ziwa zima mlangoni tunabaki tukilitazama kwa sababu ya kichocho!

Neno fupi kwa mabinti. Upo ugonjwa jirani yake, ulioelezwa mara ya kwanza mwaka 1926 na daktari Erik von Willebrand wa Finland, aliyeukuta kwa familia moja ya visiwani, na msichana mmoja wa familia ile alikufa kwa damu ya hedhi. Huo huwapata wanawake sawa na wanaume. Binti anayeloweka kitambaa kila saa, au anayetokwa damu zaidi ya siku saba kila mwezi, asiambiwe kwamba ndivyo wanawake tulivyo.

Mtoto wa pili wa mama yule yuko sekondari sasa. Goti moja halinyooki vizuri, lile nililolidhania usaha. Zamani walikuwa wakilala Busisi wakingoja kivuko cha asubuhi, mtoto akilia. Tangu daraja lilipofunguliwa mwaka 2025 wanafika Bugando kwa daladala siku ile ile, na nauli mara nyingi huchangwa na jumuiya yao. Mwaka jana mdogo wake mama yule alijifungua mtoto wa kiume. Alipotaka kumpeleka mtoto kwa fundi wa vimeo, dada yake alikwenda kwake usiku kwa miguu, akalala mlangoni, na asubuhi wakaja wote watatu kwetu kupima damu.